Shangazi Nitazame

Siku tuliyomzika shangazi yangu, mama mmoja aliyekaa karibu nami alimwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, "Mtu wa watu alikuwa, ila maringo." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini kwa sababu niliona kabisa mkono wangu unataka kufanya jambo jingine. Maringo! Mwanamke aliyefua shuka za wagonjwa na soksi za askari tangu mimi sijazaliwa, aringe kwa lipi? Nikanyamaza kwa heshima ya msiba. Sasa msiba umekwisha, watu wamerudi makwao, kwa hiyo nasema.

Jina ndilo lililomponza. Walimwita Nitazame. Ukimsemesha huku uso umeuelekeza kwingine, alikukata kauli hapo hapo: "Nitazame ukisema na mimi." Alimwambia hivyo mteja aliyekuja na gari, akamwambia karani wa manispaa, akamwambia hata daktari aliyekuwa akimuuliza maswali huku ameinamia meza yake. Daktari wa watu aliinua uso, akameza mate, akaanza upya. Watoto wa mtaani walimwigiza: mmoja anashika kiuno, anakunja uso, "Nitazame!", na wenzake wanavunjika mbavu. Nami nilicheka nao, maana alichekesha kweli, na mwenyewe akiwakuta alikuwa anashika kiuno vilevile na kuwarudishia.

Ukweli ni kwamba Shangazi hakuwa anasikia.

Aliolewa akiwa msichana, na kabla hajapata mtoto akaugua homa iliyomlaza mpaka watu wakaanza kuulizana watavaa nini mazikoni. Homa ikaondoka na masikio yake. La kushoto lilikufa lote. La kulia likabaki likisikia vishindo tu, mlango ukibamizwa au sufuria ikianguka. Mumewe alikuwa mtu wa kuita akiwa amekaa sebuleni, na mke asiyeitika alimwona hasara. Siku aliyomrudisha kwao alisimama langoni akasema neno moja, kiziwi, na Shangazi alikuwa amemkazia macho. Aliniambia hilo ndilo neno la kwanza alilolisoma mdomoni mwa mtu bila kukosea. Tangu hapo alijifunza midomo kama wengine wanavyojifunza cherehani, na akaapa kwamba neno lile halitamfuata popote.

Mimi nilijua kwa sababu alinilea. Baba yangu, kaka yake, alipofariki, Shangazi alinichukua nikiwa bado natambaa. Tuliishi wawili katika vyumba viwili: kimoja cha kulala, kingine cha nguo za watu, mabunda yamepangwa ukutani na kila bunda limefungwa kitambaa cha rangi yake ili ya fulani isiende kwa fulani. Yeye alifua, mimi nilipopata nguvu ya kunyanyua pasi nikawa napiga pasi. Nilijua kupiga mguu sakafuni kabla ya kuingia alipo, kumvuta upindo wa nguo badala ya kumwita, na jioni kukaa upande wa taa ili mwanga uniangukie mdomoni. Nilipogundua kwamba nyumba za wenzangu haziko hivyo, aliniketisha mbele yake. "Hili ni la ndani ya nyumba, mwanangu," akaniambia. "Likitoka nje, mimi sina pa kusimama." Halikutoka.

Sasa utauliza, mtu asiyesikia alifanyaje kazi miaka nenda miaka rudi katikati ya wanawake wasiofunga midomo, wasimgundue? Jibu ni Bombani penyewe, pale walipofulia wote, Bombani pa zamani.

Palikuwa na paa la mabati juu ya nguzo, bila kuta. Katikati ulipita mfereji mrefu wa saruji, na kila upande wa mfereji yalipangwa masinki, ya huku yakitazamana na ya kule, kila moja na bamba lake lenye mistari ya kusugulia. Ukisimama kufua, mbele yako, karibu kiasi cha kumshika mkono, yupo mwenzako anayefua. Aliyepajenga nadhani alitaka kubana matumizi tu, maana bomba moja lilipita juu ya mfereji likawamwagia wa pande zote mbili. Habari za urafiki hakuziwaza. Lakini ukiwasimamisha watu uso kwa uso kila asubuhi, mikono imo majini na macho hayana kazi, watajuana tu, wapende wasipende.

Halafu zile kelele. Mabomba yalinguruma, maji yalianguka kwenye saruji, nguo zilipigwa kwenye mabamba, na mabati juu yakairudisha kila sauti chini. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Ndiyo maana wanawake wa Bombani walikuwa na namna yao ya kuongea: mdomo wazi, kila neno linachongwa, nyusi na mabega yanasaidia. Hata sokoni uliwatambua kwa jinsi walivyotanua midomo kuulizia bei ya nyanya. Shangazi alikuwa amepata mahali pekee mjini ambapo kila mtu ni kiziwi, na yeye peke yake ndiye aliyekwisha kuzoea. Walimwona hodari. Mtu akitoa umbea huko mwisho wa mstari, Shangazi alikuwa wa kwanza kucheka.

Aliyesimama mbele yake alikuwa Kasuku. Huyu naye jina lilimkaa, ila lake lilikuwa la haki: kila kilichosemwa na yeyote, Kasuku alikirudia. "Umesikia anavyosema yule? Anasema eti mwanawe kafaulu!" Akirudia vya kushoto, akirudia vya kulia, huku anasugua kola za watu. Wenzake walichoka naye, wakamwambia wazi kwamba ana mdomo usio na mlango. Shangazi hakuchoka hata siku moja. Kasuku alikuwa masikio yake, na Kasuku mwenyewe hakujua. Alidhani tu amempata mtu mmoja duniani anayemsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mume wangu jana kakoroma," Kasuku anasema, na mimi nimesimama pembeni nasubiri bunda, "mpaka jirani kaamka kufungua geti, kadhani kuna lori limefika."

"Na wewe ulifanyaje?"

"Nililipokea lori, mwenzangu, ningefanyaje?"

Shangazi alicheka mpaka akajishikilia kwenye bomba.

Kwenye ukingo wa saruji kati ya sinki lake na la Kasuku palikuwa na kishimo. Hakikuchimbwa na mtu, kililika chenyewe kwa sabuni. Walitumia kipande kimoja wote wawili, huyu akimaliza anakiweka pale, yule anakichukua, na saruji ikachoka polepole. Watu wa Bombani walikumbuka kila kitu kwa namna hiyo, kwa mahali. Ukiuliza habari ya zamani, kwanza utaambiwa nani alikuwa amesimama wapi. Fulani alijifungulia hapa penye nguzo hii, gari lilichelewa. Fulani alipata habari ya mwanawe pale kwenye sinki lenye ufa, na hakuna aliyetaka kulitumia mwezi mzima. Mtu mgeni akija kuomba kazi, walimtafutia kwanza nani wa kumsimamisha mbele yake. Ukishapata wa kutazamana naye, wewe ni wa Bombani.

Manispaa ilipotangaza kwamba patajengwa upya, wote walishangilia, na walikuwa na haki. Paa lilivuja. Maji machafu ya wa juu yaliwapitia wa chini. Masinki yalikuwa mafupi, na kila aliyefulia pale kwa muda mrefu alitembea ameinama hata akienda harusini. Mhandisi aliyeletwa alikuwa binti mwenye adabu zake, sina la kumsema. Hakuja na mchoro uliokwisha kuamuliwa, alikuja kuuliza. Aliwaita katika darasa la shule ya jirani, akasimama mbele penye ubao, nao wakakaa kwenye madawati, mstari nyuma ya mstari.

Shangazi alichelewa kwa sababu ya nguo zilizokuwa kwenye kamba, akapata dawati la nyuma. Kutoka pale aliona visogo. Mhandisi aliongea huku anachora, yaani naye alikuwa kisogo. Kasuku ndiye aliyesimama kusema kwa niaba ya wenzake, na niliambiwa alisema vizuri mno: "Mwanangu, tumechoka kurushiana maji machafu usoni. Na nguo za watu zina siri zake, si vizuri kila mtu azione. Tupe kila mmoja ukuta wake, tufue kwa heshima." Darasa zima likapiga makofi. Binti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Shangazi aliona mikono inapanda, akaunyoosha wake.

"Mmekubaliana nini?" nilimuuliza aliporudi.

"Tunajengewa upya."

"Na mtasimama vipi?"

"Kwa miguu," akasema, tukacheka.

Siku mafundi walipobomoa, Shangazi na Kasuku walikwenda kutazama. Nyundo zilipofika kwenye sehemu yao, Kasuku alimgusa bega akamwonyesha kile kishimo cha sabuni, na kipande kile kikaanguka na vifusi vingine. Waliporudi Kasuku alikuwa anafuta macho na kujicheka mwenyewe. "Saruji tu," alisema. "Nalia saruji, mimi, mwanamke mzima."

Bombani papya palikuwa pazuri. Kuta zilipakwa rangi nyeupe na kuwekwa vigae mpaka kifuani, masinki marefu yanayomfaa mtu aliyenyooka, kila moja na bomba lake, na kifereji chake cha maji machafu kilichofunikwa. Paa jipya halikuvuja wala kupiga kelele. Masinki yalipangwa kufuata kuta, huku na kule, na katikati pakabaki uwanja mtupu wa kupitisha mabunda. Kasuku na Shangazi waliomba wapewe nafasi zilizoelekeana kama zamani, wakapewa. Shangazi ukuta wa huku, Kasuku ukuta wa kule. Wakiwa kazini walikuwa wamepeana migongo.

Jioni ya siku ya kwanza nilimtengea chakula, akakisogeza.

"Pakoje?"

"Pazuri. Pasafi. Mgongo hauniumi." Kisha akasema, "Leo hakuna aliyenisemesha."

Walimsemesha. Hapo ndipo pananiuma. Kwa kuwa pale pamekuwa kimya, wanawake waliacha ile midomo yao mikubwa wakaanza kuongea kama watu wengine wote, kwa sauti ya kawaida, macho yakiwa ukutani, neno likipita juu ya bega. Waliingia asubuhi wakimpita kwa nyuma, "Habari za asubuhi, Nitazame." Wasichana walimwamkia, "Shikamoo, Shangazi." Mgongo haukuitika. Mtu anaweza kukusamehe ukimwaga maji juu ya nguo zake safi, lakini usipomwitikia shikamoo amekwisha kukuweka kundi la wenye maringo. Wakasubiri siku ya pili, ya tatu. Kisha wakaacha.

Nilizipata habari kwa mteja aliyekuja kuchukua mashati. "Hivi shangazi yako kapatwa na nini?" aliniuliza. "Siku hizi haitiki salamu. Vigae vimempanda kichwani?"

Nilimsubiri Shangazi nikiwa nimejaa hasira, na sikujua namkasirikia nani. Nikamkalisha penye taa. "Wanakuamkia, huitiki. Waambie, Shangazi. Ni neno moja tu."

"Ndilo lilelile neno moja," akasema. "Lilishanirudisha mara moja."

"Hapa nani akurudishe, na akurudishe wapi?"

Alikuwa mkaidi, Shangazi wangu, na mimi ukaidi wangu nimeutoa kwake. Tuligombana usiku ule mpaka nikageuka nikaongea nikiwa nimempa kisogo, jambo ambalo ndani ya nyumba yetu lilikuwa sawa na kumbamizia mtu mlango usoni. Aliinuka akaja mbele yangu. "Nitafanya mpango," akasema.

Mpango wenyewe ulikuwa kioo. Alinunua kioo kidogo cha mkononi, akakifunga kwa uzi juu ya bomba lake ili awaone waliopo nyuma. Siku mbili tatu alirudi amechangamka. Alikuwa ameitikia salamu, alikuwa ameona Kasuku anageuka kumwambia jambo, naye akageuka. Lakini wanawake waliona kitu kingine kabisa. Waliona dobi mwenye umri wake amejiwekea kioo kazini. Mmoja akasema, na lazima nikiri kwamba maneno yenyewe yalikuwa makali na yamepangika: "Nitazame kachoka kutazamwa na sisi, sasa anajitazama mwenyewe."

Walicheka wote. Alikiona kicheko chote ndani ya kioo, midomo iliyotanuka kama zamani, na katika waliocheka alimwona Kasuku. Nina hakika Kasuku alicheka kwa mazoea tu, kama alivyokuwa akirudia kila kitu kwa mazoea. Shangazi alifungua ule uzi, akakitia kioo mfukoni, akaendelea kufua.

Tangu siku hiyo alikwenda na kurudi bila habari. Zamani nilimwambia anyamaze nimalize kupiga pasi, sasa nilikuwa nazima pasi nikimsubiri aseme na hakuwa na cha kusema. Aliufahamu ukuta ule vizuri kuliko mtu yeyote. Aliniambia kuna kigae kimoja ambacho fundi alikiweka kichwa chini.

Kisha asubuhi moja akakuta sinki la Kasuku kavu, na kesho yake pia. Akamshika mkono mwanamke wa jirani, akamgeuza. "Kasuku yuko wapi?"

"Kachukuliwa na binti yake, kifua kinamsumbua. Si alikuaga?"

Alirudi nyumbani saa za kazi, bunda halijafuliwa. "Wanasema ameniaga," aliniambia. "Hajaniaga. Miaka yote ile, ameondoka kama mgeni aliyelala usiku mmoja." Nilitaka kutafuta namba ya simu ya binti. Akanikataza. "Kama alitaka kuniaga angeniaga. Mwache." Nilikwenda kuwauliza wanawake wenyewe, lakini nyumba yetu ilikuwa imekwisha kuwekwa pembeni. "Muulize shangazi yako," waliniambia, na wakageukia kuta zao. Huyo niliyeambiwa nimuulize alikuwa hajui chochote. Alikuwa na huzuni iliyokuwa inageuka hasira, na hasira ile alilala nayo na kuamka nayo.

Mvua zikaja zikaisha. Siku moja mchana nilikuwa napiga pasi shati la kazi la askari, kivuli kikasimama mlangoni. Alikuwa binti wa Kasuku. Nilimjua tangu tukiwa watoto wa kukimbizana kati ya mabunda, ila safari hii hakuingia. Alibaki kizingitini na mkoba wake begani.

"Karibu ndani, dada."

"Sitakaa. Mama amefariki. Tumeshamzika. Nimekuja kuwaambia watu wa Bombani." Akatazama mabunda, hakunitazama mimi. "Kwenu sikutaka kufika. Ila Mama aliniachia neno kwa shangazi yako, na neno la marehemu siwezi kukaa nalo."

"Neno gani?"

"Alisema nimuulize, alimkosea nini."

Nikamwambia sielewi. Hapo akanitazama, na akasema yote kwa mkupuo, kwa hasira ya mtu aliyeyabeba muda mrefu. Siku ya mwisho mama yake alikwenda Bombani kusuuza nguo zake mwenyewe. Alikuwa na wazo tangu usiku la jinsi atakavyomuaga mwenzake, na alipofika aliona aibu. Walikuwa wamepoa kwa muda mrefu, na machozi yalikuwa karibu. Akafungua bomba lake na kusema akiwa ameelekea ukutani, maana mambo mengine ni rahisi kuyasema ukiwa hutazamwi. Alisema, mwenzangu, kesho naondoka, kifua hiki sijui kama kitanirudisha. Alisema, kama ni kile kicheko cha kioo, nisamehe, nilicheka kijinga. Alisema, ukiwa umenisamehe niitikie tu, hata kama hutaki kuongea, itikia tu niende. Akafunga bomba ili asikie. Nyuma yake akasikia nguo zinasuguliwa. Bombani pote palinyamaza, kila mtu akisubiri, na nguo zikaendelea kusuguliwa. Akachukua beseni lake akatoka.

"Alikuwa akiliongelea mpaka pumzi za mwisho," binti akasema. "Mtu mzima anamnyima mwenzake hata 'ehe'?"

Harufu ya kuungua ilinijia. Pasi ilikuwa imelala juu ya kola ya askari. Nilipoinyanyua, alama yake ilikuwa imekwisha kuingia kwenye kitambaa, na sikujali. "Shangazi hasikii," nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza maisha yangu yote kulitoa neno hilo nje ya vyumba viwili vile. "Hasikii kabisa, tangu kabla hajamjua mama yako. Anasoma midomo. Mama yako aliongea na mgongo wake."

Alishika mlango. Kisha akaingia, akakaa juu ya bunda la nguo chafu, mkoba ukiwa bado begani, na tukalia wote wawili kwa sauti ambayo ndani ya nyumba ile haikuwa na wa kumsumbua.

Shangazi alitukuta hivyo. Aliingia na bunda kichwani, akamwona mgeni wetu kwanza, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu. Alisahau kabisa kwamba amekasirika. Akageuka haraka kutazama mlangoni, nyuma ya mgeni, kumtafuta Kasuku.

Nilimtua bunda. Nilimsogeza dirishani penye mwanga, nikasimama mbele yake, na nikachonga maneno kama wanawake wa Bombani pa zamani walivyoyachonga. Kasuku amefariki. Alisoma. Alikuaga. Ulikuwa umempa mgongo, naye alikuwa amekupa mgongo. Alisoma. Aliniomba nirudie, nikarudia. Akamgeukia binti, akamshika kidevu kwa mkono wenye maji.

"Sema wewe, mama. Sema kama alivyosema yeye. Usiruke."

Binti akasema, akijikaza ili midomo isitetemeke, maana ikitetemeka Shangazi hasomi. Alipofika kwenye "itikia tu niende", Shangazi alifumba macho. Kwake yeye kufumba macho kulikuwa ni kuziba masikio.

Alipoyafumbua alichukua upande wake wa nguo akajifunika kichwa, akatoka. Tukamfuata. Ilikuwa jioni, Bombani pameshaoshwa, hakuna mtu, vigae vinang'aa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye sinki la Kasuku, akasimama mbele yake kama anayefua. Akaweka mikono ndani, pakavu. Kisha akageuka polepole akatazama ng'ambo, kwenye sinki lake mwenyewe.

"Nenda ukasimame pale," aliniambia. "Pangu. Jifanye unafua."

Nilikwenda. Nikaelekea ukuta ule, nikakiona kile kigae kilichowekwa kichwa chini. Nilianza kusugua mikono mitupu juu ya bamba. Nilijua anaangalia nini nyuma yangu: mgongo unaokwenda juu na chini, usiojua kitu.

"Kumbe hiki ndicho alichokuwa anaangalia," akasema.

Kisha akaita. Shangazi hakuwahi kuujua ukubwa wa sauti yake, na mle ndani, bila mabati wala maji, ilijaa kuta zote. "Kasuku! Hukunikosea kitu, mwenzangu. Umesikia? Hukunikosea kitu. Niitikie niende nyumbani."

Niliitika. Niliitika kwa nguvu zangu zote, nikiwa nimeelekea ukutani, na nyuma yangu Shangazi akaendelea kusubiri.